Nani Apite Kwanza: Kuchagua Udhibiti wa Makutano ya Barabara Dodoma

Makutano ya barabara huwakutanisha watu wenye haki sawa ya kupita katika kipande kimoja cha lami kwa wakati mmoja, na kila njia ya udhibiti iliyowahi kubuniwa, tangu alama ya pembe nane inayomtaka dereva asimame hadi barabara za juu zenye ngazi tatu, hujibu swali lilelile la nani apite kwanza na nani amsubiri mwenzake. Ugumu wa kazi ya mhandisi upo katika kutambua ni jibu lipi linalifaa eneo lipi, kwa kuwa udhibiti unaookoa maisha katika makutano fulani unaweza kuzaa foleni na vifo katika makutano mengine yaliyo umbali wa kilomita mbili tu.

Dodoma imelazimika kulijibu swali hili kwa haraka kuliko miji mingi ya Tanzania. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa na TANU mwaka 1973, na mpango kabambe wa kwanza, ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Canada, na kukamilika mwaka 1976, ulichora mji wa watembea kwa miguu na mabasi, wenye vitongoji vilivyotenganishwa na maeneo ya wazi, ambamo gari binafsi halikutarajiwa kutawala. Kwa miongo minne mji ulikua polepole, na njia panda zake nyingi zilijimudu kwa alama chache, kwa vipilefti na kwa askari wa usalama barabarani pale ilipobidi. Kisha mambo yakafuatana kwa kasi: Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma, tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikawa Jiji, na mwaka 2019 wizara zilianza kazi katika Mji wa Serikali wa Mtumba. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 410,956, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Katika mwezi uleule wa Aprili 2018 barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, ilizinduliwa, na hivyo mji ukawa njia panda kamili ya nchi, mahali ambapo barabara ya Dar es Salaam kwenda Singida na mipaka ya Rwanda na Burundi hukatana na ile ya Iringa kwenda Arusha, ambayo ni sehemu ya njia ndefu ya kutoka Cape Town hadi Cairo.

Katika hali kama hiyo kuna kishawishi kikubwa cha kuziona taa za kuongozea magari kuwa alama ya hadhi, kana kwamba mji usio na taa nyingi haujawa mji mkuu. Sura hii inashikilia msimamo tofauti: kwamba kwa sehemu kubwa ya Dodoma na kwa miji midogo ya nyanda za kati, kipilefti kidogo chenye njia moja ndicho kinachopaswa kufikiriwa kwanza, kwamba taa zinapaswa kuthibitishwa kwa hesabu kabla ya kununuliwa, na kwamba hesabu yoyote isiyomjumuisha anayevuka kwa miguu na anayeendesha bodaboda ni hesabu pungufu.

Ngazi ya chini kabisa ya udhibiti ni makutano yasiyo na alama yoyote, ambayo hutegemea kanuni za jumla za sheria na adabu ya madereva, na hayafai isipokuwa katika vichochoro vya makazi. Ngazi inayofuata ni ya kipaumbele, ambapo barabara moja hupewa haki ya kupita na nyingine hupewa alama ya pembetatu iliyopinduliwa, inayomtaka dereva apishe, au alama ya pembe nane, inayomtaka asimame kabisa hata kama haoni gari. Tofauti kati ya alama hizi mbili hupuuzwa mara nyingi, ingawa ina msingi wa wazi: alama ya kupisha hutosha pale dereva anapoweza kuona mbali kabla ya kufika, na alama ya kusimama huhitajika pale ukuta, jengo, mti au kilima kinapoziba eneo ambalo wahandisi huliita pembetatu ya kuonea, yaani kipande cha ardhi kwenye pembe ya makutano ambacho lazima kiwe wazi ili madereva wa barabara mbili waonane mapema. Katika Dodoma pembetatu hiyo huzibwa zaidi na biashara kuliko na maumbile. Kijiwe cha bodaboda, kibanda cha chipsi na gari lililoegeshwa pembeni hugeuza makutano salama kuwa ya hatari bila lami kuguswa, na kwa hiyo, kabla fedha hazijatengwa kwa ajili ya taa, inafaa kwanza kuwapatia wafanyabiashara hao na vijana wa bodaboda eneo zuri zaidi mita 30 au 40 kutoka kwenye pembe, mahali ambapo wateja wao bado watawafikia.

Juu ya ngazi ya kipaumbele kuna kipilefti na kuna taa, na hapa ndipo ubishi mwingi hutokea. Njia nzuri ya kuanza kuvilinganisha ni kuhesabu sehemu za mgongano, yaani nukta ambazo mapito ya magari mawili hukatana, huungana au huachana. Makutano ya kawaida ya barabara nne, kila moja ikiwa na njia moja kwenda na moja kurudi, yana nukta 32, na kati ya hizo 16 ni za kukatana, ambazo ndizo zinazozaa ajali za gari kugongwa ubavuni. Kipilefti cha njia moja mahali palepale kina nukta 8 tu, zote za kuungana au kuachana, na kisiwa cha katikati humlazimisha kila dereva kushusha mwendo hadi kati ya kilomita 25 na 40 kwa saa. Taa hazipunguzi idadi ya nukta, bali huzigawa kwa muda, na mgawo huo hudumu kadiri kila dereva anavyoutii. Anayepita taa nyekundu saa nne usiku akiwa na mwendo wa kilomita 80 huzirudisha nukta zote 16 kwa mkupuo. Takwimu za mamlaka ya barabara kuu ya Marekani zinaonyesha kwamba kubadili makutano yenye alama ya kusimama kuwa kipilefti hupunguza ajali za vifo na majeruhi kwa takribani asilimia 82, na kubadili makutano yenye taa kuwa kipilefti huzipunguza kwa takribani asilimia 78. Viwango hivyo vilipimwa katika nchi yenye bodaboda chache, kwa hiyo havipaswi kuhamishiwa Dodoma kama vilivyo, lakini sababu inayovizaa, yaani mwendo mdogo na pembe ndogo ya mgongano, hufanya kazi popote.

Kipilefti kinachozungumziwa hapa ni tofauti na uwanja mkubwa wa mviringo unaopatikana katika miji iliyorithi mipango ya kikoloni. Viwanja vya awali, kama Columbus Circle ya New York ya mwaka 1905, havikuwa na kanuni ya wazi ya nani apishe, na kulipokuwa na magari mengi vilijifunga vyenyewe, kwa sababu walioingia waliwazuia waliotaka kutoka. Mabadiliko yalikuja Uingereza mwaka 1966, ilipowekwa kanuni kwamba anayeingia ampishe aliye ndani ya mzunguko, na mhandisi Frank Blackmore ndiye aliyeisukuma kazi hiyo kwa majaribio ya muda mrefu. Katika nchi zinazoendesha upande wa kushoto, Tanzania ikiwemo, kanuni hiyo humaanisha kumpisha anayetoka kuliani. Kipilefti ambamo kanuni hii haiheshimiwi ni uwanja wa kusukumana tu, na ndiyo maana mafunzo ya madereva, wa bajaji na bodaboda wakiwemo, ni sehemu ya usanifu kama ilivyo zege ya kisiwa chenyewe.

Kipilefti nacho kina kikomo, na kikomo hicho kinaonekana vizuri katika barabara ya kwenda Mtumba. Kwa vipimo vinavyotumiwa Marekani, mlango mmoja wa kipilefti cha njia moja unaweza kupokea takribani magari 1,400 kwa saa iwapo hakuna gari linalopita mbele yake, lakini magari 1,000 kwa saa yakiwa yanazunguka mbele ya mlango huo, uwezo wake hushuka hadi 500 hivi. Sasa Mtumba iko mashariki ya mji, umbali wa kilomita zipatazo 17, na watumishi wengi huishi upande wa magharibi yake, kwa hiyo asubuhi mkondo mzito hutoka magharibi kwenda mashariki na jioni hurudi. Kwa kuwa magari huzunguka kisiwa yakifuata mwelekeo wa mishale ya saa, mkondo wa asubuhi hupita mbele ya mlango wa kaskazini, na dereva anayetoka vitongoji vya kaskazini hulazimika kuwapisha wote wanaomjia kutoka kuliani. Jioni mkondo hupita mbele ya mlango wa kusini, na zamu ya kusubiri huwa ya watu wa kusini. Wastani wa siku nzima unaweza kuonyesha kwamba kipilefti kinatosha kabisa, ilhali kwa dakika 45 za asubuhi mlango mmoja umekwama.

Dawa yake si lazima iwe kung'oa kipilefti. Miji kadhaa duniani huweka taa ndogo kwenye mlango wenye mkondo mzito, inayowaka nyekundu kwa muda mfupi tu pale kitambuzi kilichozikwa chini ya lami kwenye mlango unaoumia kinapoona foleni imerefuka, na saa nyingine zote taa hiyo huzimika na kipilefti kikaendelea na kanuni yake ya kawaida. Dodoma ina nafasi nyingine ambayo miji ya biashara haina: mwajiri mkubwa wa wasafiri hao ni mmoja, na wizara zikipishana kwa nusu saa katika muda wa kuanza kazi, kilele cha asubuhi hupungua bila shilingi ya ujenzi.

Taa zina mahali pake halali: kwenye makutano yenye mikondo mizito pande zote, kwenye barabara za njia nyingi ambako kipilefti kingehitaji njia mbili au tatu za kuzunguka, na pale ambapo makutano kadhaa yako karibu kiasi kwamba taa zinaweza kuratibiwa ili kundi moja la magari likute kijani mfululizo. Mwongozo wa Marekani unaofuatwa na wahandisi wengi unataka, kama kigezo kimojawapo, barabara kuu ya njia moja kila upande iwe na angalau magari 500 kwa saa kwa pande zote mbili pamoja, na barabara ndogo iwe na angalau 150 kwenye mlango wake wenye magari mengi zaidi, katika kila moja ya saa nane za siku ya kawaida. Sharti la saa nane lina hekima kubwa, maana makutano yanayojaa kwa saa moja tu huwatesa watu kwa saa nyingine zote wakisubiri taa nyekundu mbele ya barabara tupu, na subira hiyo isiyo na sababu ndiyo inayowafundisha madereva kuzidharau taa.

Swali la siku ipi iitwe ya kawaida lina uzito wa pekee Dodoma. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, na katika majuma hayo mji hujaa wabunge, watumishi, waandishi na wageni wa kila aina. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina majira yake ya kufungua na kufunga. Na mwanzoni mwa Agosti maonyesho ya Nanenane huvuta umati kwenda Nzuguni. Hesabu iliyofanywa mwezi Mei peke yake itaidhinisha taa zisizohitajika kwa sehemu kubwa ya mwaka, na iliyofanywa vyuo vikiwa vimefungwa na Bunge limeahirishwa itaficha haja iliyopo. Hesabu yenye maana hurudiwa katika majira mawili kwa uchache. Aidha, pikipiki hubadilishwa katika hesabu kuwa sehemu ya gari dogo, kwa kuwa huchukua nafasi ndogo, na ubadilishaji huo ni sahihi kwa kupima foleni lakini hupotosha vibaya katika usalama, maana aliyehesabiwa kama chini ya nusu ya gari ndiye asiye na bati la kumkinga.

Taa zikishathibitishwa, kazi huwa nusu tu, kwa sababu taa zilizopangwa vibaya huumiza kuliko kutokuwepo. Mwaka 1958 mtafiti wa Uingereza F. V. Webster alitoa kanuni ambayo bado hutumika kukadiria urefu bora wa duru, yaani muda wa taa kuzunguka rangi zote na kurudi ilipoanzia. Kanuni hiyo huzingatia muda unaopotea kila zamu inapobadilika, wakati magari yanaanza kuondoka na eneo la katikati linasafishwa, pamoja na sehemu ya uwezo wa makutano inayodaiwa na mikondo mizito. Iwapo muda unaopotea ni sekunde 12 na mikondo inadai asilimia 60 ya uwezo, duru bora ni sekunde 58 hivi. Ikidai asilimia 80, duru hufika sekunde 115. Ikidai asilimia 90, duru hupanda hadi sekunde 230, na hiyo ni dalili kwamba makutano yamezidiwa na kwamba tiba iko nje ya taa. Kurefusha zamu hakuleti faida inayodhaniwa. Kwa sekunde 12 zilezile zinazopotea, duru ya dakika moja hutumia asilimia 80 ya muda kupitisha magari, ya dakika mbili hutumia asilimia 90, na ya dakika tano asilimia 96, kwa hiyo dakika tatu za nyongeza hununua pointi 6 tu, huku foleni ya upande uliozuiwa ikirefuka hadi kuziba makutano ya nyuma. Hesabu hii inaeleza kinachotokea Dar es Salaam pale askari anapozima taa na kuuruhusu upande mmoja kwa dakika kadhaa: anafanya kazi ngumu juani kwa nia njema, lakini haoni foleni anayoizalisha kilomita moja nyuma yake. Askari huyo anastahili taa zenye vitambuzi na mtaalamu wa kuzipanga upya kila mwaka, ili yeye abaki na kazi ya ajali, misafara na dharura.

Mtu anayevuka kwa miguu hupima udhibiti kwa namna yake. Mwendo unaotumiwa sana katika usanifu ni mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo barabara ya njia nne yenye upana wa mita 14 huhitaji sekunde 12 kwa mtu mzima mwenye afya, na zaidi kwa mzee, kwa mama aliyebeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani, au kwa mtoto wa shule. Kwenye kipilefti kizuri kivuko huwekwa nyuma ya mlango kwa urefu wa gari moja hivi, na kisiwa kidogo katikati humwezesha mtu kuvuka upande mmoja, kusimama salama, kisha kuvuka wa pili. Udhaifu wake mkubwa ni kwa wasioona, ambao kwenye taa hutambua kwa masikio kwamba mkondo umesimama, lakini kwenye kipilefti husikia mngurumo usiokatika. Mkoa wenye shule ya wanafunzi wasioona, ile ya Buigiri wilayani Chamwino, hauwezi kulichukulia jambo hili kuwa dogo. Vivuko vya vipilefti vinavyotumiwa na watu hao vinahitaji tuta pana la kuvukia, linaloinua kivuko hadi usawa wa njia ya miguu, vigae vyenye vinundu vya kukanyagwa, na pale magari yanapozidi, taa ya kuvukia yenye kitufe na mlio.

Tabia ya nchi nayo ina kura. Nyanda za kati hupata mvua kati ya Desemba na Aprili, na miezi mingine ni ya jua, upepo na vumbi. Jua hilo linazifaa taa zinazotumia umeme wake, ili mradi paneli zifutwe na betri zibadilishwe kwa wakati, lakini mchanga unaosombwa na mvua za mwanzo hufunika mistari ya lami, na kivuko cha pundamilia kilichofutika hakimlindi mtu. Kisiwa cha zege hakifutiki, nao umeme ukikatika hakizimiki. Reli ya zamani iliyojengwa na Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914 bado hupita katikati ya mji, na pale taa za barabara zinapokaribiana na kivuko cha reli, mpangilio wake lazima uhakikishe kwamba foleni ya magari haijikusanyi juu ya njia ya treni. Kisha kuna suala la umiliki. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na mitaa ya mji iko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, kwa hiyo makutano mamoja yanaweza kuwa na mikono miwili ya wakala mmoja na miwili ya mwingine, na taa isiyojulikana nani wa kuitengeneza itakaa gizani kwa muda mrefu.

Nje ya mji uzito wa uchaguzi huhamia kwenye mwendo. Nchi tambarare huzaa barabara zilizonyooka, na mabasi na malori, ambayo kisheria hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, hufika kwenye njia panda za Bahi, Kibaigwa au Manyoni yakiwa na kasi kubwa na, kwa malori ya ekseli saba, uzito unaoweza kufika tani 56. Taa katika mazingira hayo humshtua dereva aliyetembea saa mbili bila kusimama, na alama ya kusimama kwenye barabara ndogo haimpunguzi mwendo anayekuja kwenye barabara kuu. Kipilefti chenye kipenyo cha mita 40 hadi 55, chenye ukingo mpana wa mawe kuzunguka kisiwa ambao matairi ya nyuma ya trela yanaweza kuukanyaga lakini gari dogo likauepuka, humlazimisha kila mmoja apunguze, na humpa mwenye punda, baiskeli au kundi la ng'ombe nafasi ya kuvuka.

Barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, yenye urefu wa kilomita 112.3 na njia nne, inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imekusudiwa kuyaepusha malori na katikati ya mji, na kwa kufanya hivyo hupunguza haja ya kujenga barabara za juu kama zile za TAZARA ya mwaka 2018 na Ubungo ya mwaka 2021 jijini Dar es Salaam, zilizojengwa baada ya foleni kudumu kwa miaka mingi. Lakini barabara hiyo inakata barabara zote kuu zinazoingia mjini, na kila inapokata, soko, kituo cha mafuta, nyumba za kulala wageni na kijiwe cha bodaboda huota ndani ya muda mfupi. Ardhi ya pembe za makutano hayo bado inapatikana kwa bei inayohimilika. Halmashauri ya Jiji, iliyorithi majukumu ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu baada ya kuvunjwa mwaka 2017, inaweza kuipima na kuizuia sasa kwa ajili ya vipilefti vikubwa, na kwa ajili ya madaraja ya siku zijazo pale yatakapohitajika, na kupanga stendi na masoko nyuma ya mstari huo kabla mtu wa kwanza hajajenga msingi wa nyumba.